Udongo Wenye Mvi

Mwanangu Hawa,

Salamu za kuagana nitakupa kesho kwa mdomo wangu, mbele za watu, pamoja na machozi ambayo shangazi zako wameshayaandalia vitambaa. Hapa nataka kusema yale ambayo mbele za watu yatanishinda. Nimejifungia chumba cha ndani tangu tulipomaliza sala ya alasiri. Huko uani wanadhani natafuta mkeka mwekundu. Mkeka nimeshaupata, nimeukalia.

Sitakuandikia habari za chumvi wala za kufunika mtungi. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua kwa kuungua vidole. Wala sitakufundisha namna ya kukaa na mume. Mimi nimekaa na baba yako miaka yote hii kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, nami hulala upande wa sikio hilo.

Nakuandikia kwa ajili ya neno lako la jana. Tulikuwa tunafunga nguo zako, nikasema mwezi ukiandama tu nitakuja Kiwangwa kwa mumeo mpya nione umekaaje. Ukaacha kukunja kanga. Ukasema, "Mama, usije mpaka nikuite." Hukusema kwa ukali, na afadhali ungesema kwa ukali. Nikatoka kama mtu aliyesahau chungu motoni, nikaenda kukaa jikoni ambako hakukuwa na moto wala chungu.

Nilikasirika, sikufichi. Kisha hasira ikaisha, pakabaki pale mahali pake kitu kingine kibaya zaidi, nacho ni kukukosa na hali bado umo nyumbani. Nilikusikia unacheka na shangazi zako, nikakukumbuka kana kwamba umeshaondoka.

Unataka nikuahidi. Baba yako naye anasema, "Muahidi mtoto yaishe." Lakini ahadi yangu unaijua ilivyo. Nilikuahidi hivyo hivyo ulipoolewa mara ya kwanza, Mlingotini, na kesho yake kabla jua halijawa kali nilikuwa mlangoni kwako na bakuli la wali. Safari hii sitaki kuahidi kwa haraka. Nataka niandike mpaka nijue kama nitaweza, na kwa kuwa mimi sijui kufikiri bila kushika udongo, itabidi univumilie nianze kitaluni, penye miche yangu.

Ulipokuwa mdogo, baba yako alianza kurudi nyumbani na kazi pungufu. Mlango wa mbambakofi, ule mti mgumu wa msituni, ndio uliokuwa ukitafutwa na kila mwenye nyumba ya mawe hapa Bagamoyo, na mikono ya baba yako ya kuuchonga ilikuwa mizima. Kilichopungua ni miti. Wakata miti walikuwa wakienda mbali zaidi kila mwaka, wakirudi na magogo membamba, na baba yako akiyapapasa akitikisa kichwa. Siku moja alikaa barazani na patasi mkononi, haina la kuchonga, nikamwambia, "Basi mimi nitaipanda." Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Nani amewahi kupanda mbambakofi? Huo hupandwa na Mungu." Unanijua nikichekwa. Wiki ile ile nilikuwa na kikapu cha mbegu, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, nimeziokota chini ya mti mkubwa ulio mpakani mwa shamba letu.

Nilizipanda kwenye mchanga safi. Nilikwenda kuuchota mbali na miguu ya watu, nikauchekecha kama unga wa mkate wa kumimina, nikauosha. Nilifanya vile kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Bibi yako alikuwa mtu wa twahara hasa, chombo kikiguswa hata na ulimi wa paka huoshwa mpaka kinalia. Nikaona, kama kiumbe kinazaliwa, na kizaliwe mahali safi. Mbegu zikaota zote. Nilimwita baba yako aje aone, akaja, akasema "Mashaallah" kwa sauti ya mtu anayemeza maneno yake.

Kisha miche ikasimama. Haikufa na haikukua. Ilikuwa na majani machache ya rangi ya ndizi inayoanza kuiva, na kila asubuhi nikienda naikuta vile vile, inanitazama. Nilimwagia maji asubuhi na jioni. Nilipoona haiendi, nikaongeza na adhuhuri.

Wewe wakati huo ulikuwa na jiko lako. Sijui kama unalikumbuka. Lilikuwa nyuma ya kitalu, mawe matatu na vifuu vya nazi ulivyovipanga kama mke wa liwali anayengoja wageni. Ulikuwa ukipikapika kutwa. Mchele wako ulikuwa udongo, na udongo huo hukutaka kuuchota hapo ulipokaa, ulikwenda kuutoa chini ya ule mti mkubwa, kule ambako uyoga huota mvua zikianza. Nyama ya pilau yako zilikuwa mbegu zangu, ulizoniibia. Nikakuuliza kwa nini unakwenda mbali hivyo kutafuta mchele, ukanijibu kwa dharau kidogo, "Ule wa huku ni mchanga, mama. Wa kule una mvi."

Nilicheka. Nilidhani unacheza na maneno, maana mchanga kwetu ni wa pwani na mchanga ni mtoto pia, nikaona umeuita udongo wa kwangu mtoto na wa kule mzee. Kumbe hukuwa unacheza. Ulinishika mkono ukanionyesha. Ulipasua bonge la udongo ule mweusi kwa vidole vyako, na ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kufumia kofia, zimetambaa zikishika chembe kwa chembe. Ukasema, "Si unaona mvi zake?"

Nami nikasema, "Huo ni uchafu." Nilikuwa nimeshaona weupe wa namna ile kwenye mkate uliolala, nikajua ni kuvu. Na baadhi ya mbegu zako zilikuwa zimeota ndani ya vifuu, nikaona kuvu hiyo itakuja kuniingilia kitaluni. Nikakunyang'anya nusu ya jiko lako. Nikaing'oa ile miche yako, nikaiosha mizizi kwa maji ya kisimani mara tatu, kama mtu anayeondoa najisi. Kwenye ncha za mizizi kulikuwa na vijisoksi vyeupe vilivyovimba, nikavisugua kwa kidole gumba mpaka vikatoka. Nikaipanda kwenye mchanga wangu safi, nikaona nimeokoa kitu. Wewe ulilia ukaenda kumshitaki mama yako kwa baba yako, naye akakwambia mama yako akishika jambo hashikiki.

Ile niliyoiosha ilikuja kufanana na ya kwangu, ikasimama. Ile iliyobaki jikoni kwako, ambayo hakuna aliyeitazama, ilipanda. Majani yake yalikuwa ya kijani hasa, mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na wewe ulikuwa ukiipa maji pale tu ulipokumbuka kwamba pilau inahitaji mchuzi. Nilijifanya siioni. Nilipita hapo siku nyingi nikitazama upande mwingine. Mwisho nikachukua kifuu kimoja ukiwa chuoni kusoma Kurani, nikakipasua kwa kisu taratibu, na bonge zima lilitoka limeshikamana, limefungwa na zile nyuzi kama mtoto aliyefungwa na mama yake mgongoni. Nyuzi zilikuwa zimetoka kwenye udongo zikaingia kwenye vijisoksi vya mizizi, na sikuweza kuona mzizi unaishia wapi na mvi zinaanzia wapi.

Sijui mpaka leo zile nyuzi ni nini. Najua uyoga wa masika unatokana nazo, maana nimechimba chini ya uyoga nikazifuata. Najua mche wenye nazo hula ambapo mche mtupu unashinda njaa. Na najua mimi nilikuwa nikizisugua kwa kidole gumba na kumshukuru Mungu.

Tangu hapo, unakumbuka, tukawa tunachota udongo wa mpakani, konzi moja kwa kila kifuu. Baba yako alipoona miche inakwenda alinyamaza kwa heshima, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba. Ile ya jikoni kwako sasa ni miti. Huwa naona anavyoipapasa magome akidhani niko mbali, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe na hataki mwenyewe ajue.

Ningekuwa mtu wa kujifunza mara moja, barua hii ingeishia hapo na wewe ungekuwa bado uko Mlingotini. Lakini mimi nilijifunza habari ya udongo nikabaki mjinga wa maji. Niliona, kama nyuzi hizi ni jamaa wa mche, basi nao wana kiu, tuwanyweshe wote. Mkono wangu, ukishapenda kitu, haujui kusimama.

Sasa nije kwenye ile habari ambayo hatujawahi kuisema ikaisha.

Ulipoolewa Mlingotini ulikuwa karibu mno, mwanangu. Ungekuwa mbali kidogo ningechoka njiani. Nilikuwa naamka, nakupikia, najitwisha, nakuletea. Nilijiambia bado hujui kukadiria nazi. Nilijiambia yule mama mkwe wako ana mkono mkavu. Ukiumwa kichwa niko hapo, ukigombana na mumeo nimeshafika kabla hamjapata nafasi ya kupatana. Majirani zako wakaacha kukupitia, maana wangepitia nini na mama yupo? Yule kijana, mumeo wa wakati huo, na simlaumu tena ingawa zamani nilimlaumu kwa sauti kubwa, aliniamkia siku moja, "Shikamoo mama," nikamwitikia marahaba, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nimeoza binti au nimemkopesha. Nikamtukana. Mwaka haukwisha vizuri, ukarudi nyumbani na sanduku lako na talaka yako.

Nami siku zote hizo za kwenda na kurudi nilikuwa nimepanga kitaluni safu mbili, nimeziacha zijisimamie. Safu ya kwanza ilikuwa kando ya kisima. Kila aliyeteka maji aliimwagia, nilikuwa nimewaomba wote, na ndoo zenyewe zilikuwa zikimwagika hapo kutwa. Ya pili ilikuwa mwisho kabisa, kwenye kivuli cha ua. Hiyo niliimwagia mimi, na kwa kuwa nilikuwa Mlingotini, niliimwagia nilipojaliwa kukumbuka. Nilikuwa nikiionea huruma. Nilikuwa nikipita nikiiambia, "Nisameheni, kesho."

Uliporudi hukutaka kukaa ndani na watu wanaokuja kukupa pole, ukanifuata kitaluni. Ndipo tukaing'oa ile miche pamoja. Nilianza na ile ya kisimani, niliyoitegemea. Mche ulitoka bila kushikwa na chochote, kama kijiti kilichochomekwa kwenye uji. Mizizi ilikuwa myeusi, laini, ina uvundo, na ukiigusa ngozi yake inabaki kidoleni. Nilitafuta mvi nisizione hata moja. Nyuzi zile huvuta pumzi, Hawa, sijui kwa pua gani, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba udongo ukijaa maji tele zinazama na kufa, na mche unaobaki unakuwa na maji mpaka shingoni na hauna wa kuupelekea chakula. Tukaenda safu ya pili. Miche yake ilikuwa mifupi, sikatai. Majani ya juu yalikuwa yamekunja kidogo kwa jua. Lakini ulipouvuta wa kwanza ulikataa kutoka. Ukaweka miguu, ukavuta kwa mikono yote miwili, ukatoka na bonge la udongo limekamatwa kila upande na nyuzi nyeupe, zimekwenda mbali kuliko mizizi yenyewe, zimetafuta maji ambapo mimi sikuyapeleka.

Ulikaa chini na lile bonge mapajani. Kisha ukasema bila kunitazama, "Mama, hukuniachia kiu hata siku moja."

Hawa, mimi nimesemwa na watu wengi, na wengi nimewarudishia. Siku ile nilijifanya naenda kuchota maji. Nilisimama kisimani na kamba mkononi, nikalia polepole, kama mtu asiyetaka ndoo yake igonge ukuta wa kisima ikasikika.

Usidhani nakwambia wewe ni mche. Wewe si mche, una mdomo, na mdomo wenyewe ni wa kwangu. Nakwambia tu kwamba siku ile nilielewa safu zote mbili kwa pamoja, na tangu hapo nimekuwa nikijizoeza. Hukuniona nikijizoeza kwa sababu nilikuwa najizoeza kwenye miche. Asubuhi naingiza mkono ndani ya udongo mpaka kiganja kizame, nachota, nafumba ngumi. Maji yakitoka katikati ya vidole, nimezidisha. Ukimwagika kama unga, nimechelewa. Ukibaki umeshikana, na ukiugusa kwa kidole kimoja ukavunjika, basi naondoka. Hapo ndipo pagumu, mwanangu, pale pa kuondoka. Kumwagia ni rahisi. Kusimama na kata iliyojaa, ukauona mche umekunja jani kidogo, ukajua kwamba chini huko nyuzi zimo kazini zikitafuta, ukarudisha maji mtungini, hiyo kazi haionekani na hakuna anayekupongeza.

Si kwamba kiu ni nzuri. Kiangazi kimoja nilijitia ukali nikaacha udongo ukauke mpaka ukapasuka. Mche uliokuwa na mvi ulivumilia siku nyingi kuliko mwingine, lakini mimea michanga ambayo nyuzi zilikuwa hazijaishika ilikufa yote, na udongo mkavu ule nyuzi hazikuweza kuupita ziifikie. Kwa hiyo mwanzo, mche ukiwa mgeni, hupewa unyevu wa kutosha ili wajuane na jamaa zake wa chini. Baadaye ndio huachwa uwaite wenyewe. Nilikuwa nataka kukupa na hili kwa sababu najua ukali wako pia, na utakuwa na watoto, inshallah, na unaweza kusema mimi sitakuwa kama mama yangu, ukawakausha.

Athumani wako nampenda. Sikutaka kumpenda, lakini alipokuja kuposa na wazee wake, wote wakisifia shamba lao, yeye alipoulizwa akasema, "Mama, sitaki kukudanganya. Udongo wetu umechoka. Umelimwa mtama toka enzi za babu, hata uyoga hauoti tena." Baba yako akanitazama. Mimi nikatazama chini nisije nikacheka mbele ya wageni, maana mwanamume aliyetazama kama uyoga umeota au haukuota ningempa binti hata bila posa. Wewe ndiye uliyesema basi mtaanza na mibambakofi pembezoni, na mkaanza kupanga kana kwamba sisi wengine tumekwenda zetu.

Miche yenu nimeing'oa leo mchana kwa mkono wangu. Sikuosha kitu. Kila mmoja uko kwenye pakacha lake na bonge zima la udongo wa mpakani, na lipo pakacha jingine la udongo mtupu, uoneshe ule wa Kiwangwa maana ya mvi. Nimeyafunika kwa majani ya mgomba. Mtu wenu wa mizigo nimemwambia asiimwagie maji njiani, akanishangaa, akasema, "Kutwa nzima, mama, na jua hili?" Nikamwambia ndiyo. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kata wakati namjibu.

Sasa nikwambie ukweli wa hali yangu. Kesho mkishaondoka nitafagia kitaluni. Kisha nitafagia uani. Kisha sijui. Jikoni nitapima mchele wa watu wawili na najua nitakosea, nitapima wa watatu, baba yako atakula sehemu yako bila kusema na ataumwa tumbo. Sauti yako ndiyo iliyokuwa ikijibu nikiita jina la mtu yeyote humu ndani. Nikiita paka, unaitika wewe. Tangu uliporudi kutoka Mlingotini, na Mungu anisamehe, kulikuwa na siku nilizofurahi kwamba ndoa ile ilivunjika. Nilikuwa nikikutazama umechutama kitaluni, kanga umeifunga kibwebwe, matope mpaka kwenye viwiko, nikajiambia basi akae hivi hivi, mimi na yeye, tuzeeke. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu. Nalisema kwako uone unayemuomba ahadi ni mtu wa namna gani.

Na lingine. Nimeshauliza njia ya Kiwangwa. Juzi, kabla hujanikataza, nilimuuliza yule mwanamke wa Kikwere anayeleta mihogo sokoni, akanieleza mpaka mti wa kupumzikia. Ni mwendo wa kutwa, mtu akitoka alfajiri. Jana baada ya kunikataza nikamuuliza tena, nikajidai nimesahau. Baba yako akanikuta hapo. Njiani tukirudi akasema, "Mwache mtoto." Nikasema sijafanya kitu. Akasema, "Najua. Ndiyo nakwambia kabla hujafanya." Kisha tulipofika mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nitamkosa, lakini mimi siendi kuuliza njia." Sikujua kama alikuwa ananikemea au ananililia. Nilimpikia chai ya tangawizi.

Basi nimeandika mpaka hapa, na shangazi yako ameshagonga mlango akiuliza kama mkeka umenimeza, nami nimejitazama, naona naweza.

Siji, Hawa. Siji mwezi ukiandama, wala mvua zikianza, wala nikisikia umepata homa kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Ukiungua, majirani zako watakupaka dawa, na kwa dawa hiyo utawajua majina. Ukigombana na Athumani, usiku utakuwa mrefu na hamtakuwa na wa kumkimbilia ila nyinyi wenyewe. Ukikaa kizingitini jioni ukatamani harufu ya nyumbani, kaa nayo. Mimi nitakuwa huku nimekaa na ya kwangu, na nisingependa uamini kwamba kwa sababu siji ndiyo sijambo. Sitakuwa mzima moyoni. Nitakuwa nimeamka alfajiri kila siku nimeshavaa, nimejitanda, na nimekaa kitako.

Baada ya kila sala nina dua mbili juu yako. Ya kwanza naiomba kwa sauti, baba yako aitikie amina: kwamba ushike huko, upate watu, usinihitaji. Ya pili naiomba moyoni, polepole, isije ikaizidi nguvu ya kwanza: kwamba uniite.

Mama yako